Kukhu na Choo cha Mkwewe

Ufunguo wa choo cha ghorofa yetu umefungwa kwa kamba kwenye nusu ya ndala ya bluu. Unaning'inia kwenye msumari mwisho wa korido, pale ngazi zinapoanza. Msimamizi wa ploti, jengo letu la kupanga, aliifunga ndala hiyo makusudi: huwezi kuisahau mfukoni, huwezi kuificha kwenye sweta, na ukiibeba kila mtu anajua unakoenda. Watoto wa mlango wa kwanza hukuimbia ukipita. Mama jirani, anayekaa mkabala na sisi, hukuuliza waziwazi, "Ni haja ndogo ama unakawia? Nijue kama nianze kuosha sufuria."

Mimi ni mtu wa aibu. Sisemi hivyo nihurumiwe. Ndivyo nilivyo tu, kama vile wengine walivyo warefu. Darasani nikijua jibu, jibu linapanda mpaka kooni, linaketi hapo, halafu mtu mwingine analisema. Sasa fikiria mtu kama huyo akitembea na nusu ndala mkononi Jumamosi asubuhi, mtaa wetu mzima wa Kayole ukiwa nje unafua. Nilikuwa nangoja korido itulie, na haitulii. Chooni shuleni ndiyo siendi kabisa, kwa sababu milango ya vyoo haifungi na lazima rafiki akushikie mlango kwa nje huku anakuhadithia mambo yake. Nilikuwa nimeufundisha mwili wangu neno moja: ngoja. Nao ulikuwa unangoja. Nilidhani huo ni ujuzi.

Ndiyo maana nyanya yangu alipokuja na kuanza kuuambia mwili wake ungoje, mimi sikushtuka. Nilimwona kama mtu wa kwanza katika familia aliyefanana na mimi.

Kwetu magharibi nyanya tunamwita Kukhu. Huyu ni mama yake mama. Aliletwa Nairobi mwaka huu kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na baada ya upasuaji ilibidi akae wiki kadhaa ili jicho liangaliwe tena kabla ya kurudi nyumbani. Alifika na kuku kwenye kikapu, mkungu wa ndizi na unga wa wimbi wa kutosha arusi. Lakini alipofika mlangoni kwetu hakuingia. Aliketi chini kwenye korido, akanyoosha miguu, akasema, "Mtaniambia nalala wapi."

Kwa sababu kwetu, mama na mume wa binti yake hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawaketi meza moja, na mama halali chini ya paa la mkwe. Si chuki. Ni heshima, tena ni heshima kubwa sana: mtu aliyekupa mke humwangalii ovyo ovyo. Kule nyumbani jambo hili ni rahisi, kuna nafasi, kuna migomba ya kujificha. Lakini sisi tunakaa kwenye jengo la ghorofa, na jengo zima lina paa moja. Mama alikuwa amelifikiria jambo hili tangu Kukhu apande basi, na alikuwa hajapata jibu.

Mama jirani ndiye aliyelimaliza. Yeye ni Mkamba, na kwao pia wana mambo hayo hayo. Alitoka na mwiko mkononi akasema, "Mjini paa ni mlango. Huu ni mlango wangu na hili ni boma langu. Mama atalala kwangu, na huyu msichana atalala naye. Nani ako na swali?"

Hakuna aliyekuwa na swali.

Basi maisha yakaanza ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nacheka halafu nanyamaza. Baba ni mtu mkubwa, dereva wa lori, ana sauti ya kuita mtu kutoka barabarani mpaka ghorofa ya tatu. Lakini Kukhu alipokuja, baba alikuwa akikohoa kabla ya kufungua mlango. Kikohozi hicho kilimaanisha: natoka. Kukhu, ikiwa yuko mlangoni anaota jua kidogo linalofika kwenye korido, alivuta leso kichwani na kugeukia ukuta. Baba alipita akiangalia upande mwingine, kama mtu anayetafuta ndege angani. Halafu akishafika ngazini, walisalimiana, huyu kwa ukuta na yule kwa hewa.

"Mama, mmeamka?"

"Tumeamka, baba. Hapo kwako wameamka?"

"Wameamka."

"Basi Mungu awe mbele yako barabarani."

Nilikuwa nawasikiliza kutoka kitandani na kujiambia, hawa watu hawajawahi kuonana macho kwa macho, na wanapendana kuliko wengi wanaoonana.

Asubuhi ya kwanza nilimshika Kukhu mkono, tukatoka kwenda chooni. Jicho moja lilikuwa limefunikwa, na lile lingine halioni vizuri. Msumarini ndala haikuwepo, na tulipofika kwenye choo, mlango ukafunguka kutoka ndani. Alikuwa baba, na ndoo.

Sijawahi kuona watu wazima wakishtuka vile. Baba aligeukia ukuta, yeye na ndoo yake, akaanza kukohoa kama amemeza mwiba wa samaki. Kukhu aligeuka kwa nguvu mpaka nikamdaka kiuno, angeshuka ngazi bila kupenda. Tulirudi ndani kwa mama jirani. Kukhu akaketi kitandani.

"Yeye huenda hapo?" akauliza.

"Ndiyo, Kukhu. Ni choo cha wote."

"Wote ni kina nani?"

"Wote wa ghorofa hii."

"Kwa hiyo anachuchumaa pale pale?"

Choo kina mahali pamoja tu pa kuchuchumaa.

"Basi mimi siwezi," akasema, kwa upole, kama mtu anayekataa sukari kwenye chai. "Nivue nguo mahali ambapo mkwe wangu amevua? Hata kuku wangefanya mkutano juu yangu."

Tulikubaliana haja ndogo ataifanyia kwenye beseni, na mimi nitaimwaga. Ile nyingine, alisema, ataifanya akirudi nyumbani.

"Kukhu, ni wiki nyingi."

"Mimi nimezaa watoto nyumbani kwangu bila daktari. Wiki ni nini?" Halafu akanishika kidevu. "Hili ni letu sisi wawili. Ukimwambia mama yako, atamwambia mume wake. Nitaweka wapi uso?"

Nilikubali mara moja. Siri ya aina hiyo, mimi ndiye mtu wa kuitunza.

Kule kwake nilikuwa nimemwona likizo nyingi. Kukhu alikuwa na mpango na mwili wake. Aliamka, akanywa uji wa wimbi, akaenda chooni nyuma ya migomba, na akirudi ndipo aliposalimia watu. Alikuwa akisema mtu ambaye hajaenda asipewe kesi ya kuamua, kwa sababu atawafunga wote. Tulicheka. Sikujua alikuwa anasema jambo la kweli.

Huku Nairobi alibadilisha mpango. Kama hutaki kitu kitoke, usikiingize. Uji alikunywa vijiko vichache. Chai aliionja. Maji alisema yana ladha ya mfereji. Mama akimletea ugali na kunde, alisema ameshiba kwa kumwona binti yake. Yule kuku aliyekuja naye alipochinjwa, alichukua shingo tu. Mama alifikiri ni jicho linamsumbua. Mama jirani alifikiri ni hamu ya nyumbani. Mimi nililala naye kitanda kimoja, na mgongo wangu ukigusa tumbo lake lilikuwa gumu, limekaza kama ngoma, na lilikuwa likinguruma mbali, kama lori linalopanda mlima.

Halafu maneno yake yakaanza kupotea njia.

Mwanzoni ilikuwa kitu cha kuchekesha. Aliniuliza nani ameacha ng'ombe waingie kwenye mahindi, na sisi tuko ghorofa ya tatu. Mama jirani alicheka mpaka akaketi. "Mama, huku ng'ombe wakipanda ngazi tutawalipisha kodi!" Siku iliyofuata aliniita jina la dada yake aliyekufa wakiwa wasichana. Alinishika mkono na kunionya nisivuke mto. Na jioni moja mama alipomletea chakula, Kukhu alimwangalia kwa heshima, kama anavyoangaliwa mgeni, akasema, "Asante, mama. Binti yangu akija mwambie nimekuja."

Mama aliweka sahani chini polepole. Alirudi kwetu na kusimama akiangalia jiko ambalo halikuwashwa.

Ndugu zake mama walipiga simu. Mjomba mkubwa aliwekwa kwenye spika, na sote tukasikia. Alisema wazee wakitolewa kwao akili hubaki njiani. Alisema wamekwisha kuona mambo kama haya kwa wazee wengine. "Kichwa kikienda, kimeenda. Msingoje hilo jicho. Mleteni mwisho wa wiki hii, afie kwake."

Afie kwake. Aliyasema kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Ilikuwa imeamuliwa. Kukhu, aliyekuja kurudishiwa macho, angerudishwa nyumbani bila macho na bila kichwa, akae chini ya ukuta angoje. Mama alianza kukunja nguo za Kukhu.

Kabla ya siku ya safari, likaja jambo jingine. Niliamka na shuka imelowa, tena kwa harufu isiyo ya mkojo. Ilikuwa maji ya kahawia, machache, na yalikuwa yakimtoka Kukhu bila yeye kujua. Nilifua kabla mama jirani hajaamka, lakini mchana yakatoka tena, na siri ikawa ya korido.

"Anahara," mama akasema. "Hata basi hatafika."

Alienda kemisti, akaeleza kwamba mzee anahara, akapewa dawa ya kufunga tumbo. Alimpa. Yakapungua kidogo, akampa tena. Nami, nitasema ukweli, nilifurahi kidogo nilipoona yale maji. Nilijiambia, angalau sasa ameenda. Lakini kitu kilikuwa kinanikwaruza. Mtu ambaye hajaenda choo tangu afike, tena tumbo bado ni ngoma, anahara nini?

Jumapili ilifika. Mama jirani alirudi kanisani akamkuta Kukhu ametapika, mwili una moto, anaongea na watu ambao hatukuwaona. Mama akasema hakuna basi, ni zahanati, sasa hivi. Lakini Kukhu alikuwa hawezi kusimama, ngazi zetu ni nyembamba, na vijana wote wa ploti walikuwa wameenda mpira. Mama na mama jirani walijaribu kumnyanyua, wakashindwa hata kumtoa kitandani.

Nje, mlangoni, kikohozi.

Mama alitoka. Niliwaona kupitia pazia. Baba alikuwa amesimama akiangalia miguu yake.

"Mfunikeni," akasema.

"Utamshika?"

"Mfunikeni mwili wote. Asinione."

Walimzungushia blanketi kutoka utosini mpaka vidole, kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Baba akaingia kwa mama jirani kwa mara ya kwanza tangu Kukhu aje. Alikuwa anageuza uso pembeni kiasi kwamba hakuona anakokanyaga, akagonga kiti. Aliinama, akamnyanyua mikononi, na akasema bila kuniangalia, "Nenda mbele. Niambie njia."

Nikaenda mbele. Nilikuwa nashuka kinyumenyume, nikisema, "Ngazi, baba. Ngazi tena. Kona. Hapa kuna mtungi wa maji." Baba alikuwa ameinua uso juu kabisa, anaangalia dari, na jasho likimtiririka shingoni. Watu wa ghorofa ya pili walijibana ukutani kutupisha. Wale wa kwetu magharibi walielewa mara moja walichokuwa wanakiona, na mmoja akavua kofia.

Ndani ya blanketi sauti ya Kukhu ikauliza, "Nani amenibeba?"

Mama jirani, aliyekuwa anashuka nyuma akibeba viatu, akasema, "Ni malaika, mama. Tulia."

Tukashuka kidogo. Baba, kwa mazoea au kwa woga, akakohoa.

"Malaika huyu," Kukhu akasema, "ana kikohozi cha mkwe wangu."

Baba alisimama kwenye ngazi, akamkaza zaidi kifuani. Halafu akaendelea. Mimi niliyaona hayo kwa karibu kuliko wote, na nikajua kichwa cha Kukhu hakikuwa kimeenda mahali popote. Kilikuwa ndani mle, kama mtu aliyefungiwa mlango na funguo ziko nje.

Zahanati haiko mbali. Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana, sauti ya chini, miwani imening'inia kifuani. Baba alimweka Kukhu kitandani na kutoka haraka kuketi kwenye benchi la nje, lakini mlango haukufungwa vizuri. Mama akaeleza: upasuaji wa jicho, akili kupotea, kuhara, dawa ya kufunga, kutapika.

Daktari alisikiliza, halafu akauliza, "Kabla ya kuhara, choo chake kilikuwa vipi?"

"Choo?" mama akasema. "Sijui. Hayo ni mambo yake."

"Nani analala naye?"

Wote wakanigeukia. Jibu likapanda mpaka kooni na kuketi pale linapoketi siku zote. Nilimwangalia Kukhu. Alikuwa anachezea ukingo wa shuka kwa vidole, anachuma mboga ambazo hazikuwepo. Nikawaza kuhusu nguo zake zilizokunjwa.

"Hajaenda," nikasema.

"Hajaenda lini?"

"Tangu afike Nairobi."

"We!" mama akasema. "Si anahara?"

"Hiyo inatoka yenyewe. Ni maji tu. Yeye haendi."

Daktari alisogeza kiti karibu. Hakupandisha sauti. "Kwa nini haendi?"

Niliangalia mlango uliokuwa wazi kidogo. "Kwa sababu baba huenda pale pale."

Huko nje, kwenye benchi, mtu hakukohoa.

Daktari hakucheka, na nitamshukuru kwa hilo maisha yangu yote. Aliniuliza maswali ambayo sikujua watu huulizana. Alikuwa anakula nini? Anakunywa? Mkojo kwenye beseni ulikuwa mwingi au kidogo, mweupe au wa rangi ya chai? Nilijua yote. Sikujua kwamba najua. Nilikuwa nimemwaga beseni lile kila siku nikiangalia pembeni, na bado macho yangu yalikuwa yameweka kila kitu: jinsi mkojo ulivyozidi kuwa mchache, jinsi ulivyogeuka kuwa mzito na kunuka.

Aliligusa tumbo la Kukhu, halafu akauchukua mkono wangu na kuuweka upande wa kushoto, chini. "Bonyeza taratibu. Unasikia?"

Nilisikia. Palikuwa na kitu kigumu, kirefu, kama kuni chini ya blanketi.

"Huo ni mzigo wa siku zote hizo," akasema. "Mfereji wa maji machafu ukiziba kwenu, mnaona nini? Maji yanapenya pembeni yanamwagika barabarani. Mtu akiona maji anasema mfereji unapita. Haupiti. Umeziba ndiyo maana maji yako nje."

Mama akashika mdomo. "Na mimi nimempa dawa ya kuziba."

"Hukujua. Wengi huona hivyo hivyo."

Alituambia mengine akiwa anaandaa vitu vyake. Kwamba mzigo ule ulikuwa umekibana kibofu, mkojo ukabaki ndani na kuingia wadudu. Kwamba mwili ulikuwa umekauka maji. Na kwamba kwa mzee, tumbo likifunga na mwili ukikauka, kinacholia kwanza mara nyingi si tumbo, ni kichwa. "Mnaona akili imeharibika, kumbe ni chini kunakoita. Hatuwezi kuahidi, lakini wengi hurudi."

Nilisimama pale nikiwa nimeduwaa. Tumbo na kichwa! Nilikuwa nimesoma mfumo wa chakula darasani, nimechora utumbo kwa penseli na kupaka rangi, nimepata alama nzuri. Hakuna aliyeniambia kwamba mwanamke anaweza kumsahau binti yake kwa sababu ya heshima aliyompa mkwe.

Walivuta pazia. Waliingiza mpira wa mkojo, wakamtundikia maji, na wakamtilia dawa kwa nyuma ili mzigo ulainike. Mama alimshika kichwa, mimi nilishika beseni. Vilivyotoka kwanza vilianguka kama mawe ya kokoto, vikalia kwenye beseni. Halafu vingine. Haikuisha siku hiyo, walilazimika kurudia. Nilingoja kusikia kinyaa na hakikuja. Nilikuwa naangalia kama mtu anavyoangalia mwamba ukiondolewa barabarani ili watu wapite.

Walimlaza siku chache. Nilienda kumwona baada ya shule, kila mara nikiogopa pale mlangoni: nitakuwa nani leo? Siku moja nikiwa bado na mkoba mgongoni alifungua jicho lile lisilofunikwa, akaniangalia kutoka viatu mpaka nywele.

"Sketi hiyo ni fupi," akasema. Halafu akamgeukia mama. "Na kuku wangu nani anamlisha?"

Mama aliangua kilio na kicheko kwa pamoja. "Mama, kuku tulimla!"

"Tulimla? Mimi nilikula nini?"

"Shingo."

"Shingo! Kuku wangu mwenyewe!"

Mama alitoka nje na simu. Nilimsikia akimwambia mjomba, "Hakuna basi. Anauliza kuku." Akarudia, "Nakwambia anauliza kuku!"

Lakini hamu ya Kukhu ya kurudi nyumbani haikuwa imekwisha, na wala choo chetu hakikuwa kimehama. Daktari alikuwa amesema wazi: maji, mboga, papai, uji, na kwenda kila mwili ukiita, la sivyo mfereji utaziba tena. Na tumwangalie: choo chake kikibadilika na kubaki hivyo, au tukiona damu, au choo cheusi kama lami, tumrudishe haraka. Njiani tukirudi Kukhu aliniuliza kwa kunong'ona, "Sasa nitachuchumaa wapi?" Mjini hakuna migomba.

Jioni ile tulikuwa tumeketi kitandani kwa mama jirani, na kikohozi kikasikika upande wa pili wa ukuta, kwenye korido. Kukhu alivuta leso, ingawa kulikuwa na ukuta mzima kati yao.

"Mama, mmefika?"

"Tumefika, baba."

Nilisikia baba akikwaruza ukuta kwa kidole.

"Nimeongea na watu wa ghorofa ya pili. Wamenikubali kwenye choo chao. Choo cha huku juu ni chako, mama. Mimi nimehama."

Mama jirani akadakia kutoka kwenye jiko, "Na nimekisugua kwa dawa mpaka harufu ya mkwe wako imeshuka naye!"

Kukhu hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa. Alikaa hivyo mpaka nikafikiri maneno yamepotea tena.

"Baba."

"Mama."

"Ngazi za kwenda huko ni nyingi?"

"Si nyingi."

"Usianguke," akasema.

Hiyo tu. Hakuna aliyetaja blanketi, wala malaika. Mpaka leo hawajalitaja.

Asubuhi yake Kukhu alikunywa uji wa wimbi kikombe kizima, akakaa kidogo kama mtu anayesikiliza redio ya mbali, halafu akasema, "Lete hiyo ndala." Nilimsindikiza, nikasimama nje ya mlango. Mama jirani aliwafukuza watoto wa mlango wa kwanza kabla hawajaanza kuimba. Korido ilinyamaza yenyewe. Nadhani watu wengi walikuwa wanasikiliza na kujifanya wanapika.

Mlango ukafunguka kidogo. "Ingia uniangalilie. Jicho hili bado, na hili jingine halina kazi."

Niliingia.

"Iko vipi? Kama nini?"

Niliangalia, na safari hii sikuangalia pembeni. "Kama ndizi, Kukhu."

"Mbichi au mbivu?"

"Mbivu. Laini."

"Rangi?"

"Kahawia. Ya kawaida tu."

"Damu?"

"Hakuna."

Alisimama pale, nguo bado ameishika kiunoni, mkono mwingine ukutani, akafumba jicho lake. "Baba Mungu," akasema, na hakuongeza neno, kwa sababu kilichobaki kilikuwa mbele yetu na kilikuwa kinajieleza. Nami nilisimama pembeni yake nikiwa nimejaa mshangao, kama nilivyowahi kujaa usiku umeme ulipopotea Kayole nzima nikaona nyota. Kitu ambacho watoto hukiimbia wakicheka kilikuwa kimembeba nyanya yangu kumpeleka mbali na kumrudisha.

Nikamwaga maji. Nikageuka kutoka, ufunguo mkononi. Kukhu hakutoka njiani.

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Nimelala na wewe kitanda kimoja siku zote hizi. Nilikuwa nimepotea kichwa, lakini si pua wala masikio. Tumbo lako linanguruma kama langu. Na hiyo ndala sijawahi kukuona ukiibeba kwa safari yako mwenyewe."

Uso ulinichoma mpaka masikio. "Watu wako nje, Kukhu."

"Najua wako nje. Nitasimama nao."

Akapita, akauvuta mlango nyuma yake, na nikabaki ndani na ndoo. Nilisikia akiegemea ukuta. Halafu Kukhu, jicho moja limefunikwa, kwenye ghorofa ya tatu, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa lugha ya kwetu, kwa sauti kubwa kabisa, ili mtu yeyote asinisikie.